Barua ya wazi kwa wakuu wa NFL: Warudishieni mahasimu fainali yao

Kwa Kamishna Roger Goodell, wamiliki wa klabu 32 za NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, na wajumbe wa Kamati ya Ushindani.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Dar es Salaam. Ninawaandikia kuhusu kanuni moja iliyofutwa mwaka 1990, nikiomba irudi.

Kwa misimu 20, tangu ligi mbili zilipoungana mwaka 1970 hadi msimu wa 1989, timu mbili za divisheni moja hazikuruhusiwa kukutana katika raundi inayotangulia fainali ya konferensi. Ratiba ya mtoano ilipangwa kwa makusudi ili kuwaepusha. Kama mahasimu wa divisheni walikuwa na deni la kulipana, walilipana mlangoni mwa Super Bowl, fainali kuu ya ligi, au hawakulipana kabisa mwaka huo. Mlipoongeza timu za mtoano kufikia 12, kizuizi hicho kikaondolewa, na tangu hapo mechi hizi zimekuwa zikiangukia popote zinapoangukia.

Barua hii ni ya wazi, kwa hiyo wapo watakaoisoma ambao hawaifuatilii futiboli ya Marekani. Kwao naeleza kwa kifupi. NFL ina konferensi mbili, AFC na NFC, na kila konferensi leo ina divisheni nne zenye timu nne nne. Timu za divisheni moja hucheza mara mbili kila msimu, nyumbani na ugenini, mwaka baada ya mwaka. Bingwa wa AFC na bingwa wa NFC ndio wanaokwenda Super Bowl. Bingwa wa divisheni anaingia mtoano moja kwa moja, na wengine wanafuzu kwa rekodi nzuri bila taji. Kwa hiyo inawezekana timu mbili zilizokwisha kukutana mara mbili msimu huo zikakutana mara ya tatu kugombea nafasi ya Super Bowl. Ni hiyo mechi ya tatu ninayoitetea hapa.

Mnajua kwamba mechi hiyo haifanani na nyingine yoyote. Timu za konferensi moja lakini divisheni tofauti zinaweza kupitisha msimu mzima bila kuonana. Zikikutana fainali, wiki nzima makocha wanasoma video za watu wasiowafahamu. Mahasimu wa divisheni hawana cha kusoma ambacho hawakijui. Mlinzi ameshapambana na mpokeaji yule yule Septemba kwenye joto na Desemba kwenye baridi kali. Kocha anajua mwenzake hukimbilia wapi akibanwa. Kinachobaki ni nani ana nguvu na nani ana roho. Hapo ndipo mtu huonekana alivyo.

Tazameni msimu wa 1999. Jacksonville Jaguars walishinda mechi 14 na kupoteza 2 tu, na zote mbili walipoteza kwa Tennessee Titans, wenzao wa divisheni ya AFC Central. Kwenye mtoano wakawachakaza Miami Dolphins 62 kwa 7, mechi ambayo ilikuwa ya mwisho kwa Dan Marino. Halafu tarehe 23 Januari 2000, katika uwanja wao wenyewe, wakaja Titans. Jaguars walikwenda mapumziko wakiongoza 14 kwa 10. Hawakupata pointi nyingine hata moja. Mwisho ulikuwa 33 kwa 14. Timu ile ilifungwa mara tatu mwaka mzima, na mara zote tatu aliyewafunga ni yule yule. Mtu hahitaji kuzaliwa Florida kuelewa uchungu wa namna hiyo.

Na tazameni upande wa pili. Msimu wa 1983 Seattle Seahawks waliwafunga Raiders mara zote mbili katika msimu wa kawaida. Walipofika fainali ya AFC mbele ya watu wale wale, Raiders waliwashinda 30 kwa 14 na kwenda kuchukua Super Bowl. Miaka 38 baadaye yakajirudia yanayofanana na hayo. San Francisco 49ers waliwashinda Los Angeles Rams mechi sita mfululizo, na tarehe 30 Januari 2022 waliingia robo ya mwisho wakiongoza 17 kwa 7. Rams wakafunga pointi 13 bila kujibiwa, wakashinda 20 kwa 17, na wiki mbili baadaye wakawa mabingwa katika uwanja huo huo wa SoFi. Ushindi sita haukuwafaa 49ers kitu siku iliyokuwa na uzito.

Sasa nije kwenye hesabu, maana najua nyinyi ni watu wa hesabu. Nimezipitia fainali zote za konferensi tangu 1970. Katika misimu 20 ya kanuni ya zamani, mahasimu wa divisheni moja walikutana fainali mara 13. Katika misimu 20 iliyofuata, kuanzia 1990 hadi 2009, walikutana mara 3 tu: Buffalo na Miami msimu wa 1992, Tennessee na Jacksonville msimu wa 1999, Pittsburgh na Baltimore msimu wa 2008. Kutoka 13 hadi 3. Upande wa AFC haujapata fainali ya namna hiyo tangu usiku ule wa Januari 2009, Troy Polamalu aliponasa pasi ya Joe Flacco na kukimbia nayo hadi mwisho wa uwanja, Steelers wakashinda 23 kwa 14.

Sitasema tofauti yote imeletwa na kanuni moja. Mwaka 2002 mligawa upya ligi, divisheni zikawa nane na ndogo zaidi, na divisheni ndogo ina nafasi ndogo ya kutoa timu mbili za kufika mbali. Tena kati ya zile 13, mbili ni za msimu wa 1982 uliokatwa na mgomo wa wachezaji, ambapo mtoano ulipangwa kwa utaratibu tofauti kabisa na divisheni hazikuzingatiwa. Hayo nayakubali. Lakini ukiichukua ratiba ya miaka ile, raundi kwa raundi, unaona kwa macho mahali kanuni ilipofanya kazi.

Msimu wa 1980 ndio mfano ninaoupenda kuliko yote. Timu zote tano za AFC zilizofuzu zilikuwa na rekodi moja, ushindi 11 na vipigo 5. San Diego Chargers walipewa nafasi ya kwanza. Oakland Raiders, wa divisheni hiyo hiyo ya AFC West, waliingia bila taji. Kwa mpangilio wa leo, ambapo wa kwanza hucheza na aliyebaki wa nafasi ya chini kabisa, Raiders wangepelekwa San Diego mara moja, raundi ya pili, na hadithi ingeishia huko kwa mmoja wao. Kanuni ikasema hapana. Raiders wakapelekwa Cleveland, kwenye baridi iliyogandisha mpira mikononi, wakiongoza 14 kwa 12 huku Browns wakiwa karibu kabisa na kufunga. Ikiwa imebaki chini ya dakika moja, Brian Sipe akarusha pasi na Mike Davis wa Raiders akainasa. Chargers nao wakawatoa Buffalo Bills 20 kwa 14. Ndipo, tarehe 11 Januari 1981, mahasimu wawili wakakutana San Diego, na safari hii zawadi ilikuwa Super Bowl yenyewe. Raiders wakatangulia 28 kwa 7. Dan Fouts akawarudisha Chargers hatua kwa hatua. Mwishoni Raiders wakashika mpira kwa zaidi ya dakika sita na hawakuuachia tena, 34 kwa 27. Wiki mbili baadaye wakawa timu ya kwanza tangu ligi zilipoungana kushinda Super Bowl bila taji la divisheni.

Siku ile ile ya Januari, Philadelphia Eagles waliwashinda Dallas Cowboys 20 kwa 7, na Wilbert Montgomery akakimbia yadi 194. Eagles na Cowboys nao ni wa divisheni moja. Fainali zote mbili za msimu mmoja zilikuwa za mahasimu. Hilo lilitokea tena msimu wa 1982, na halijawahi kuonekana tangu kanuni ilipoondolewa.

Na haikuwa 1980 pekee. Msimu wa 1977 Denver Broncos walikuwa wa kwanza AFC, na Raiders waliingia bila taji. Kanuni ikawatuma Raiders Baltimore, wakacheza mechi ya muda wa ziada mara mbili iliyoisha 37 kwa 31, moja ya mechi kubwa katika kumbukumbu za mchezo huu, kisha ndiyo wakaenda Denver na kufungwa 20 kwa 17. Msimu wa 1978 iliwatuma Houston Oilers kwenda New England kwanza badala ya Pittsburgh. Msimu wa 1986 iliwatuma Washington kwenda Chicago, wakawang'oa mabingwa watetezi 27 kwa 13 kabla ya kuwafuata New York Giants. Msimu wa 1989 iliwatuma Rams kwenda kwa Giants, Flipper Anderson akafunga katika muda wa ziada, ndipo wakaenda San Francisco. Katika kila mwaka huo, bila kanuni, mahasimu wangekutana raundi moja mapema, na sisi tungepoteza mechi mbili, si moja: fainali yao, na ile mechi ya njiani iliyozaliwa kwa kuwaepusha.

Hilo la pili huwa linasahauliwa. Kanuni ilimlazimisha aliyefuzu bila taji kwenda kupambana na mgeni mkubwa kwanza. Alipofika kwa hasimu wake alikuwa ameshathibitisha kwamba anastahili kuwa pale.

Linganisheni na yaliyotokea baadaye. Msimu wa 2010 upande wa AFC ulikuwa na jozi mbili za uhasama mkali kwa wakati mmoja. New England Patriots waliwafunga New York Jets 45 kwa 3 mwezi Desemba. Pittsburgh na Baltimore walikuwa wakipigana kila walipokutana. Timu zote nne zikafika raundi ya pili. Mpangilio wenu ukawapeleka Jets New England na Ravens Pittsburgh, mwishoni mwa juma moja. Zilikuwa mechi kali, sikatai. Jets walilipa kisasi 28 kwa 21, Steelers wakatoka nyuma ya 21 kwa 7 na kushinda 31 kwa 24. Lakini uhasama wote wa divisheni mbili ulimalizwa kwa siku mbili, kwenye raundi ambayo mshindi wake hapewi kombe lolote. Kanuni ya zamani ingewapeleka Ravens kwa Patriots na Jets kwa Steelers, na huenda fainali ingekuwa Patriots na Jets, au Steelers na Ravens. Mwaka ule ule upande wa NFC bahati ilifanya kazi ambayo kanuni ingeifanya: Green Bay Packers na Chicago Bears wakakutana fainali Soldier Field, tarehe 23 Januari 2011. Timu hizo kongwe zilikuwa hazijakutana kwenye mtoano tangu Desemba 1941, wiki moja baada ya shambulio la Pearl Harbor. Miaka 69 ya kusubiri, na ilifika kwa bahati tu.

Au msimu wa 2007. Dallas Cowboys walikuwa wa kwanza NFC na waliwafunga Giants mara mbili. Raundi ya pili Giants wakaenda Texas na kushinda 21 kwa 17. Katika kikosi kile alikuwemo Osi Umenyiora, ambaye leo ndiye sura ya kazi yenu barani Afrika. Mechi ile ilistahili kuwa fainali. Au msimu wa 2020: New Orleans Saints waliwafunga Tampa Bay Buccaneers mara mbili, moja kwa 38 dhidi ya 3. Mkutano wa tatu, Tom Brady dhidi ya Drew Brees, ukafanyika raundi ya pili katika uwanja ambao kwa sababu ya Uviko ulikuwa karibu mtupu. Buccaneers walishinda 30 kwa 20. Brees hakucheza tena.

Najua jibu mtakalonipa. Mtasema anayeshika nafasi ya kwanza amefanya kazi msimu mzima ili acheze na mpinzani wa nafasi ya chini kabisa, na kanuni ya zamani ilimnyang'anya haki hiyo. Ni hoja ya kweli na nimeitafakari sana. Lakini angalieni ukubwa wake. Katika raundi ya pili zinabaki timu nne kwa kila konferensi. Kanuni inabadilishana wapinzani wawili, basi: wa kwanza anacheza na aliyeshika nafasi ya 5 badala ya 6, kwa mfano. Bado anacheza nyumbani. Bado amepumzika wiki nzima wenzake walipokuwa wakipigana. Na nani amesema hasimu wa divisheni ni mpinzani rahisi kwa sababu tu ameandikwa nafasi ya 6? Waulizeni Patriots wa 2010. Aliyecheza nawe mara mbili mwaka huo ndiye mwenye uwezo mkubwa wa kukuangusha, kwa hiyo mara nyingine kanuni ingekuwa inamlinda huyo huyo wa kwanza.

Jibu la pili mnaloweza kunipa ni zito zaidi. Leo timu 7 zinafuzu kila konferensi, na inawezekana divisheni moja ikaingiza tatu. Msimu wa 2022 Eagles walishika nafasi ya kwanza NFC, na waliobaki nao pamoja na 49ers walikuwa Cowboys na Giants, wote wa NFC East. Hapo kukwepana hakuwezekani, vyovyote ungepanga ndugu wawili wa divisheni hiyo wangekutana. Wakapewa Giants, wakashinda 38 kwa 7. Kanuni ninayoiomba iandikwe hivyo: mahasimu waepushwe kila inapowezekana, na isipowezekana mpangilio wa kawaida ufuatwe. Ni sentensi mbili katika kitabu chenu.

Nina ombi jingine linaloambatana na hili, nalo ni kuhusu mahali. Januari 2023, baada ya Damar Hamlin, mchezaji wa Bills, kuanguka uwanjani Cincinnati na mechi ile kufutwa, mlipanga kwamba kama Bills na Kansas City Chiefs wangekutana fainali ya AFC, mechi ingechezwa Atlanta, uwanja usio wa yeyote. Kwa hali ile mlifanya haki. Rekodi za timu hazikulingana kwa idadi ya mechi na kulikuwa na mtu aliyekuwa akipigania uhai wake. Bengals waliwatoa Bills na mechi ya Atlanta haikuhitajika. Lakini tiketi zaidi ya 50,000 zilikuwa zimeuzwa ndani ya siku moja tu, na mara maneno yakaanza kusikika kwamba labda fainali za konferensi zihamie viwanja vya nje moja kwa moja, kama Super Bowl.

Nawasihi msifanye hivyo kamwe, na kwa mechi ya mahasimu wa divisheni msilifikirie hata dakika moja. Mechi mbili za kwanza zimechezwa moja kwake na moja kwa mwenzake. Ya tatu inachezwa kwa yule aliyeipata haki hiyo kwa kazi ya miezi minne, na hapo ndipo msimu mzima unapata maana. Katika uwanja wa RFK, Januari 1983, Washington walipokuwa wakiwatoa Minnesota raundi moja kabla, majukwaa yalikuwa tayari yanatikisika kwa watu wakiimba kwamba wanaitaka Dallas. Wiki iliyofuata wakaipata, nyumbani kwao, na wakashinda 31 kwa 17. Mechi ile isingeweza kuhamishiwa Atlanta au Las Vegas ikabaki kuwa mechi ile. Seattle, Januari 2014, sekunde 22 zikiwa zimebaki, Richard Sherman aliupiga mpira uliokuwa ukielekea kwa Michael Crabtree wa 49ers, Malcolm Smith akaudaka, na kelele zile zilikuwa za watu waliowachukia 49ers na kuwafahamu kwa majina mwaka mzima.

Hata ligi yenyewe ilishajifunza jambo hili. Kabla ya 1975 uwanja wa nyumbani ulikwenda kwa zamu za divisheni, si kwa rekodi. Ndiyo maana Miami Dolphins wa 1972, ambao hawakuwa wamefungwa mechi hata moja, walilazimika kusafiri hadi Pittsburgh kucheza fainali ya AFC. Walishinda 21 kwa 17, lakini kila mtu aliona kwamba haikuwa haki, na baadaye utaratibu ukabadilishwa. Mkiipeleka fainali uwanja usio na mwenyewe mtakuwa mnarudi kule kule ambako jasho la msimu halihesabiwi.

Huku kwetu fainali ya mahasimu katika uwanja wa mbali tunaijua. Julai 2021 Simba na Yanga walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Kigoma, kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba wakashinda 1 kwa 0. Ilifana, na watu wa Kigoma walistahili. Lakini Simba na Yanga ni wa mji mmoja, na mashabiki wao wako kila mkoa wa Tanzania. Popote wachezapo wako kwao. Green Bay si hivyo. Buffalo si hivyo. Timu zenu nyingi zimefungwa na mji mmoja, na katika miji mingine kuikaribisha fainali hutokea mara moja katika maisha ya mtu.

Kuna jambo la tatu ambalo nitaligusa tu. Mwaka 2025 Detroit Lions walileta pendekezo kwamba timu isiyo na taji la divisheni iweze kupangwa juu ya bingwa wa divisheni mwenye rekodi mbaya zaidi. Waliliondoa baadaye. Lilitokana na Minnesota Vikings, waliomaliza na ushindi 14 na bado wakaingia mtoano kama wa 5. Nawaelewa. Lakini mechi ya mwisho ya msimu ule, tarehe 5 Januari 2025, Lions na Vikings walicheza Detroit huku mshindi akipata nafasi ya kwanza na anayefungwa akishuka hadi ya tano. Sikumbuki mechi ya msimu wa kawaida iliyobeba uzito kama ule, na uzito ulitoka hasa kwenye thamani ya taji la divisheni. Ukilipunguza taji, unapunguza zile mechi mbili za kwanza, na mechi ya tatu inakosa mizizi.

Mtajiuliza kwa nini mtu wa Dar es Salaam anajishughulisha na haya. Mlikuja Afrika wenyewe. Mwaka 2022 mlifanya kambi Ghana, mwaka 2023 mkaja Nairobi kutafuta vijana. Mmetuomba tuupende mchezo huu, na wapo kati yetu waliofanya hivyo. Fainali ya kwanza ya konferensi huanza kwetu saa tano usiku, na ya pili saa nane na nusu, na Jumatatu ni siku ya kazi. Tunakesha tukijua asubuhi inakuja. Tarehe 26 Januari 2025 tulikesha kuwatazama Eagles na Washington Commanders, mahasimu wa NFC East waliokuwa wamegawana ushindi msimu ule, 26 kwa 18 na kisha 36 kwa 33. Saquon Barkley aligusa mpira mara ya kwanza akakimbia yadi 60 hadi mwisho wa uwanja. Eagles walifunga 55 kwa 23, pointi nyingi kuliko timu yoyote katika fainali ya konferensi tangu 1970. Kwa matokeo ilikuwa mechi ya upande mmoja. Hata hivyo hakuna niliyemjua aliyezima runinga, kwa sababu Jayden Daniels, akiwa mwaka wake wa kwanza, alikuwa ameshawageuzia kibao Eagles wale wale mwezi mmoja kabla, na kila alipopata mpira tuliamini anaweza tena. Mechi ya wageni wawili ingekuwa imekufa wakati wa mapumziko.

Na fainali ile pia ilikuja kwa bahati. Washington walishika nafasi ya 6, Eagles ya 2. Ingetosha matokeo mengine mawili matatu kwenda tofauti na wangekutana wiki moja mapema, au wasingekutana kabisa.

Ninachoomba, basi, ni hiki. Katika mkutano wenu ujao wa mwaka, Kamati ya Ushindani ilete mbele ya wamiliki pendekezo kwamba timu za divisheni moja zisikutane katika raundi ya pili ya mtoano kila inapowezekana kuziepusha. Kura zinazohitajika ni 24 kati ya 32. Na pamoja nalo, wamiliki watamke kwa maandishi kwamba fainali za AFC na NFC zitabaki katika uwanja wa timu iliyopata nafasi ya juu, isipokuwa pale ambapo janga au dharura inazuia. Mkihitaji ushahidi wa ratiba ya 1970 hadi 1989, raundi kwa raundi, upo kwenye kumbukumbu zenu wenyewe New York.

Nashukuru kwa kunisoma.

Shabiki wenu,
Dar es Salaam, Tanzania